Diski Mkononi, Faili Hewani: Historia ya Nakala za Michezo ya Video Mpakani Rusizi na Funzo Lake kwa Sera ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya nakala za michezo ya video katika mji wa mpakani wa Rusizi, zamani Cyangugu, magharibi mwa Rwanda. Swali la kuchagua baina ya diski na faili limezoeleka kuchukuliwa kuwa suala la upendeleo wa mchezaji. Makala yanadai kwamba mjini Rusizi uchaguzi huo umeamuliwa na barabara, mtandao, njia za malipo na sheria, na kwamba kila aina ya nakala imejenga mazingira yake ya lugha. Diski iliwakusanya watu ukumbini na kukipa Kiswahili kazi ya kufanya. Faili linawatawanya, ingawa pia linafungua mlango wa kukitia Kiswahili ndani ya mchezo wenyewe. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera wa Rwanda na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Anayesimama kwenye daraja la Rusizi I, mahali ambapo Ziwa Kivu linamwaga maji yake katika Mto Rusizi, yuko baina ya miji miwili: Bukavu upande wa Kongo, na Cyangugu upande wa Rwanda, ambako barabara inapanda kuelekea Kamembe penye maduka, ofisi na uwanja wa ndege. Mpaka huu ulithibitishwa na dola za kikoloni katika mkutano wa Brussels wa 1910. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika kwa njia ya misafara ya biashara, askari na utawala wa Kijerumani. Kinyarwanda chenyewe kinashuhudia ujio huo: maneno iduka, igitabo, isabune na isahani hayahitaji kufasiriwa kwa msemaji wa Kiswahili. Mabadiliko ya utawala ya 2006 yaliufuta mkoa wa Cyangugu na kuunda Wilaya ya Rusizi ndani ya Mkoa wa Magharibi. Rwanda ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikakifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria ya 2017, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ikajiunga na Jumuiya. Leo pande zote mbili za daraja zimo katika jumuiya moja ambayo Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake.

Katika mji wa namna hii, Kiswahili hakiishi kwa sheria peke yake. Kinaishi sokoni, garini, msikitini, na kwa miongo miwili na zaidi kimeishi pia katika kumbi za kuchezea michezo ya video. Kumbi hizo zilitegemea kitu kimoja kidogo: diski. Kitu hicho sasa kinaondoka, na mjadala wa dunia kuhusu kuondoka kwake umeendeshwa na watu wenye mtandao wa kasi na kadi za benki. Makala haya yanaurudisha mjadala huo mpakani.

Yafaa kubainisha istilahi tangu mwanzo. Nakala shikika ni ile iliyomo ndani ya kitu kinachoweza kushikwa, kuazimwa na kuuzwa tena: kanda, diski au kadi. Nakala ya kidijitali ni faili linalopakuliwa kutoka duka la kampuni kwa akaunti ya mnunuzi. Kwa kawaida mjadala huishia katika aina hizi mbili. Historia ya Rusizi inadai aina ya tatu, ambayo tutaiita nakala ya mkono kwa mkono: faili lisilo na akaunti, linalosafiri katika flashi, kadi ya kumbukumbu au diski gumu. Bila aina hii ya tatu, historia ya michezo ya video katika Afrika Mashariki haieleweki.

2.0 Kabla ya mchezo: santuri, kanda na msimulizi

Mazoea ya kununua, kukodi na kunakili hayakuanza na michezo ya video. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Tangu hapo sauti ya Kiswahili iliweza kusafiri bila mwenye sauti. Santuri ilikuwa ghali na ilihitaji gramafoni. Kwa hiyo watu wengi waliisikia katika nyumba ya mtu mmoja au mkahawani. Kanuni ya kwanza ya nakala shikika katika ukanda wetu ikawa hii: mmoja humiliki, wengi husikiliza.

Kanda za video zilirithi kanuni hiyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na televisheni ya taifa ya Rwanda ilianza 1992 tu. Katika sehemu nyingi, basi, kanda ya video ilitangulia televisheni au iliandamana nayo. Yakazuka mabanda ya kuonyeshea filamu, ambayo Watanzania waliyapa jina la mzaha, vibanda umiza, na ambayo Uganda yanaitwa bibanda, neno lenye asili ileile. Humo akatokea msimulizi: Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili nchini Tanzania, Uganda wakapata wafasiri wao kwa Kiluganda, Rwanda ikapata agasobanuye, yaani filamu iliyofafanuliwa kwa Kinyarwanda, na mfasiri wake mashuhuri, Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga na kufariki 2022.

Jambo moja linastahili kusisitizwa hapa. Mwenye kanda aliweza kuongeza lugha juu yake bila kuomba ruhusa ya mtengenezaji, kwa sababu kanda ilikuwa mkononi mwake. Kisheria kitendo hicho kina utata. Kiisimu, kilikuwa mojawapo ya miradi mikubwa ya tafsiri katika historia ya ukanda huu, nayo haikuwa na bajeti wala kamati.

3.0 Zama za diski

Mashine ya PlayStation ilitolewa Japani Desemba 1994, na PlayStation 2 ikafuata Machi 2000. Hii ya pili iliuzwa kwa zaidi ya milioni 150 na haikuachwa kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013. Afrika Mashariki haikuipokea kupitia mawakala rasmi kwa kiasi kikubwa, bali kupitia wafanyabiashara walioleta bidhaa kutoka Dubai na China kwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kutoka bandarini, mzigo ulipaswa kuvuka nchi nzima, ufike Kigali, kisha upite msitu wa Nyungwe kwa safari ya zaidi ya kilomita 200 hadi Kamembe. Kila hatua ya safari hiyo iliongeza bei.

Kwa hiyo mashine ilikuwa mali ya mwenye ukumbi, wala si ya mchezaji. Kijana alilipia mechi au dakika. Mpangilio ulikuwa rahisi: televisheni moja, mashine moja, pedi mbili, na benchi la wanaosubiri zamu. Aliyefungwa aliinuka, mshindi alibaki. Mchezo uliotawala ulikuwa wa kandanda, ama FIFA ya kampuni ya Electronic Arts ama Winning Eleven ya Konami, ambayo Ulaya iliitwa Pro Evolution Soccer.

Ukweli wa pili hauna budi kusemwa wazi. Diski nyingi za PlayStation 2 zilizozunguka katika ukanda huu hazikuwa halali. Zilichomwa katika kompyuta na kuchezwa katika mashine zilizofunguliwa na kuwekewa chipu. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na mchezo wa kandanda wa wakati ule uliingia humo mzima. Diski tupu iligharimu sehemu ndogo ya bei ya diski halisi. Rwanda ilikuwa na Sheria Na. 31/2009 ya kulinda milki bunifu, ambayo imefuatwa na sheria mpya ya 2024, lakini sheria hizo zilikutana na soko ambalo bidhaa halali haikuwamo kwa bei ambayo mtu angeweza kuilipa. Hivyo mchezaji wa Kamembe hakuwahi kuchagua baina ya diski halali na diski ya kuchomwa. Alichagua baina ya diski ya kuchomwa na kutocheza.

Hata hivyo diski hiyo, halali au la, ilikuwa na sifa za mali. Iliazimwa. Ilibadilishwa. Ilivushwa daraja kwenda Bukavu na kurudi, ikiwa mfukoni mwa mtu yuleyule aliyebeba unga au nguo. Ilipokwaruzwa, ilifutwa kwa kitambaa na kujaribiwa tena. Mashine ilipoharibika, diski ilihamia katika mashine nyingine.

4.0 Flashi: nakala ya mkono kwa mkono

Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, na Rwanda ikatandaza mkongo wake wa taifa katika kipindi hichohicho. Mtandao wa kizazi cha nne ulizinduliwa Rwanda mwaka 2014 kwa utaratibu wa mwendeshaji mmoja wa jumla, na ni mwaka 2023 ndipo kampuni nyingine za simu zilipoanza kuuendesha wenyewe. Mtu angetarajia kwamba hatua hizi zingemtoa mchezaji katika diski na kumpeleka moja kwa moja katika duka la kidijitali. Haikuwa hivyo. Zilimpeleka kwenye flashi.

Sababu yake ni hesabu. Mchezo wa gigabaiti 50, ukubwa wa kawaida katika zama za PlayStation 4, ukipakuliwa kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika, huchukua zaidi ya saa 22. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri akiupakua mara moja, wengine 30 wanaweza kuunakili katika diski gumu kwa dakika chache kila mmoja. Vivyo hivyo, programu ya PPSSPP, iliyotolewa 2012, iliwezesha michezo ya mashine ndogo ya PSP kuchezwa katika simu za kawaida. Maduka yaliyokuwa yakiingiza nyimbo na filamu katika simu za wateja yakaongeza bidhaa moja tu katika orodha yao.

Nakala hii ya tatu ni ya kidijitali kwa umbo na shikika kwa matumizi. Haichakai kwa kukwaruzwa, lakini hupotea simu ikiibwa. Huazimwa, lakini harudishiwi mtu kitu, kwa kuwa aliyeazima na aliyeazimwa wote wanabaki nayo. Haina jalada, haina kijitabu, haina jina la mtengenezaji wala mwaka. Kwa mwanahistoria huu ni msiba: mchezo uliochezwa na maelfu ya watu hauachi ushahidi wowote katika maktaba.

5.0 Duka lisiloijua Rwanda

Tuje sasa kwenye duka rasmi. Anayetaka kufungua akaunti ya PlayStation huombwa kuchagua nchi. Katika Afrika kusini mwa Sahara, nchi iliyomo katika orodha ni Afrika Kusini. Rwanda haimo, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo hazimo. Mchezaji wa Rusizi anayetaka kuwa mteja mwaminifu analazimika kuanza kwa kudanganya kuhusu anakoishi. Kisha hukutana na suala la malipo, kwa kuwa fedha yake iko katika simu, ilhali duka linataka kadi ya nchi aliyoitaja.

Mwandishi wa makala haya amelipitia jambo hilo. Nilinunua mchezo kwa akaunti iliyosajiliwa ughaibuni kwa msaada wa ndugu. Akaunti ilipofungwa kwa sababu ya tofauti ya anwani, mchezo ulikwenda nayo. Hapakuwa na risiti ya kuonyesha dukani, wala duka la kwenda, wala ofisi nchini ambayo ingelipokea lalamiko langu. Diski iliyochomwa ya mwaka 2004 bado ninayo, na sina haki nayo. Mchezo niliolipia kihalali sinao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika duka hili daftari lipo, ila liko mkononi mwa muuzaji.

Udhaifu huu si wa Rusizi pekee. Machi 2023 Nintendo ilifunga manunuzi katika maduka ya mashine zake za Wii U na 3DS. Julai 2024 Microsoft ililifunga duka la Xbox 360. Mkataba wa Electronic Arts na shirikisho la soka la dunia ulipokwisha, mchezo wa FIFA 23, uliotoka 2022, ukawa wa mwisho wa jina hilo, na Septemba 2023 michezo ya FIFA ya miaka iliyotangulia iliondolewa katika maduka ya kidijitali. Tangu siku hiyo, aliyetaka kuinunua alibakiwa na njia moja, nayo ni diski. Konami, kwa upande wake, ilikomesha Pro Evolution Soccer na mwaka 2021 ikaleta eFootball, mchezo wa bure usiouzwa katika diski. Utafiti wa taasisi ya Video Game History Foundation uliotolewa 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena sokoni.

Diski nayo si ile ya zamani. Michezo mingi ya leo huhitaji masasisho makubwa hata mchezaji akiwa na diski, na Nintendo Switch 2 ya mwaka 2025 ilikuja na baadhi ya kadi zisizobeba mchezo bali ufunguo wa kuupakua. Hivyo anayesema "chagua diski" amesema nusu ya jambo.

6.0 Kiswahili cha ukumbini

Hakuna diski iliyotajwa hapo juu iliyokuwa na Kiswahili ndani yake. Diski za Ulaya zilikuja kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Diski za Kijapani zilikuja kwa Kijapani, na wachezaji walikariri mahali pa kubofya bila kusoma. Kiswahili kilikuwa nje ya kioo, katika benchi.

Benchi la Kamembe lilikalisha pamoja msemaji wa Kinyarwanda, msemaji wa Mashi kutoka ng'ambo ya mto, mtoto wa familia iliyorejea kutoka Tanzania au Burundi baada ya 1994, na dereva wa lori aliyesubiri mzigo. Lugha iliyowatosha wote ilikuwa Kiswahili, kikichanganywa na Kinyarwanda na Kifaransa. Humo msamiati ulitumika kwa uwazi usio na kamati: kuchoma diski, kuingiza mchezo, pedi, zamu, kufungwa, kutoka. Muhimu kuliko msamiati ni kazi za lugha zilizofanywa. Watu walitangaza mechi kwa sauti, walitaniana, walipatana bei, walisuluhisha ugomvi wa zamu. Ni kazi hizi ambazo mtaala wa shule hauwezi kuziiga kwa urahisi, na ndizo zinazomfanya mtu aseme lugha badala ya kuifaulu.

Mchezo unapohamia katika simu ya mtu mmoja, benchi linavunjika. Mpinzani anaweza kuwa Kinshasa au Kairo, na maneno yanayobaki ni ya kwenye kioo. Tunayoyapoteza hapa ni mazingira ya lugha, na upotevu wa mazingira ya lugha hauonekani katika takwimu za mauzo.

Lakini haki inatutaka tuutaje upande wa pili. Diski ikishachapwa haiongezwi lugha, faili huongezwa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulionyesha kwamba programu nzima inaweza kusemeshwa Kiswahili pale msimbo wake unapokuwa wazi. Mchezo wa kidijitali unaweza kupokea Kiswahili katika sasisho moja, na kikawafikia wachezaji wa Rusizi, Mombasa na Muscat siku moja. Kinachokosekana ni mnunuzi anayetambuliwa. Kampuni haiwezi kumtafsiria mteja ambaye orodha yake ya nchi inasema hayupo.

7.0 Mjadala: nani mwenye mali?

Mahakama za Ulaya zimekwisha kulishughulikia swali la umiliki. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu, katika shauri la UsedSoft, kuuzwa tena kwa leseni ya programu ya kompyuta. Mwaka 2019, katika shauri la Tom Kabinet, ilikataa hilo kwa vitabu vya kielektroniki. Ufaransa, mahakama ya Paris ilisema mwaka 2019 kwamba michezo ya kidijitali inaweza kuuzwa tena, na mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo mwaka 2022. California ilipitisha mwaka 2024 sheria inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mnunuzi waziwazi pale anachonunua kinapokuwa ruhusa tu ya kutumia.

Kwa Rusizi, mashauri haya yanafundisha jambo moja. Uchaguzi baina ya nakala shikika na ya kidijitali ni uchaguzi wa haki kabla ya kuwa uchaguzi wa umbo: haki ya kuazima, kuuza, kurithisha na kuhifadhi. Mchezaji wa mpakani alizitumia haki hizo zote kwa diski isiyo halali, na anazikosa zote kwa faili halali. Sera inayomkemea kwa la kwanza bila kumtetea katika la pili haitaheshimiwa, nayo haitastahili kuheshimiwa.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa imeonyesha kwamba nakala haibebi mchezo tu. Huamua nani acheze, na nani, wapi, na kwa lugha gani. Kutokana na hayo makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, Inteko y'Umuco, iliyorithi mwaka 2020 majukumu ya nyaraka na maktaba za taifa la Rwanda, ipewe uwezo wa kukusanya na kuhifadhi michezo ya video na programu zilizotumika nchini, zikiwamo zinazotengenezwa katika ukanda huu. Diski za kuchomwa huoza kwa umri, na flashi hupotea. Muda uliobaki ni mfupi.

Pili, nchi za Jumuiya, ambazo Itifaki yao ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, zijadiliane na maduka ya kidijitali kama soko moja, zikidai kutambuliwa kwa nchi zote na kukubaliwa kwa malipo ya simu. Nchi moja moja ni soko dogo. Wote kwa pamoja si wadogo.

Tatu, sheria za kumlinda mlaji zimtake muuzaji aseme kwa lugha rasmi za nchi, Kiswahili kikiwamo, iwapo anauza mali au anatoa ruhusa, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa lini.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vikuu kurekodi simulizi za wenye kumbi na wachezaji wa miji ya mipakani, Rusizi, Rubavu, Goma, Bukavu, Kigoma na Bujumbura, na kuanzia katika maneno yao inapounda istilahi za michezo ya kidijitali. Maneno hayo yamejaribiwa benchini kwa miaka mingi, na wenye kuyakumbuka bado wako hai.